Risasi Zisizoisha Amalemba

Jumamosi usiku, 1996

Nilijua leo ndiyo mwisho wa kuonyesha watu video kwa chumba changu hapa Amalemba. Mama Ayuma, mwenye nyumba, aliniambia asubuhi, "Wewe Musa, nikisikia bunduki tena kwa hii ukuta, utatoka na hiyo tivii yako kichwani." Na chumba kingine chenye stima nitapata wapi?

Lakini kaseti pekee niliyopata ya leo ilikuwa ya bunduki tu. Kumbe ni ya kuchekesha, inadhihaki zile picha za vita! Mimi sikujua. Nikatafsiri kwa sauti ya kutisha vile nafanyanga, Kizungu chenyewe nabahatisha: "Sasa jamaa ameapa kulipiza kisasi!" Jamaa akateleza kwa sabuni, akaingia kwa pipa kichwa kwanza. Watu wakapiga mayowe ya kicheko.

Mama Ayuma akaingia na mwiko wa ugali mkononi. Nikaanza kuomba Mungu. Lakini macho yake yakashikwa na tivii.

"Huyu ana bastola moja tu. Risasi zake haziishangi?"

"Haziishi, Mama. Na wale wamekufa, ona, wanaamka kutafuta kofia."

Akacheka mpaka akakaa kwa benchi. Hakutoka mpaka picha ikaisha.

Mlangoni nikamuuliza kama kesho nihame.

"Uhame uende wapi? Leta hiyo tena. Lakini wewe unyamaze. Unapiganga kelele kuliko bunduki."

Na mimi miezi yote hii nalaumu bunduki!

Kesho nitatafsiri kwa kunong'ona. Sijui kama nitaweza.