Tangi la Chini ya Nyumba ya Baba Neema

Mama Zuhura wangu,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza. Mko salama hapo Tanga? Goti la mama limetulia? Zuhura bado anaficha maharage chini ya ugali? Mimi nipo, ila mwili unadai usingizi. Nashusha mizigo Houston, narudi Dallas, na kabla mgongo haujajua tumefika, naambiwa kuna safari nyingine.

Kila ukiniuliza chumba chetu kimefikia wapi, nakujibu kesho. Sasa sikia. Baba Neema, yule Mkongomani wa Bukavu aliyenipangisha huku DeSoto, pembeni ya Dallas, ametupa chumba cha chini ya nyumba, kilichochimbwa ardhini. Nyumba nyingi za huku hazina. Hii ni ya zamani. Kina mlango wake na kidirisha. Kina pia tangi la chuma, kubwa kuliko kitanda chetu, ambamo wenyewe wa zamani walikuwa wakiweka mafuta ya kupashia nyumba joto. Limekaa miaka bila kazi, linanuka. Nikilala chumbani humo naamka na kichwa kizito, na kazini wananiuliza kama nauza mafuta ya taa.

Tuliomba kibali cha jiji cha kuliondoa, kikachelewa, na wewe tiketi unayo. Jumamosi moja Baba Neema akaazima mashine ya kukatia chuma. Akaligonga tangi, likalia ngo.

“Hii haiko na kitu, ndugu,” akasema. “Tunaikata sasa, inaisha.”

Mashine nikaishika mimi. Unanijua, nikikaa na fundi siku mbili, ya tatu nami ni fundi. Nimeshaichomeka kwenye umeme, ile ngo ikanirudia masikioni. Ndivyo kaka yako Hamadi alivyoligonga lile pipa, akaliona tupu, akaanza kulikata, likamlipukia. Nikakuona ukimnywesha uji kwa mrija hospitalini, naye akiniambia kwa midomo iliyovimba, “Shemeji, mafuta hayakuwamo. Ulibaki mvuke wake tu.”

Nikachomoa waya. Baba Neema akanicheka, akauliza kama naogopa kelele. Nilipomsimulia akakaa kwenye ngazi, kisha akainuka kufungua dirisha.

Baadaye kibali kikatoka, wakaja wenye kazi yao. Wakanyonya mabaki, kumbe tope jeusi lilikuwamo. Wakapuliza hewa mpaka kipimo chao kikaridhika, ndipo wakalikata kwa kifaa kisichotoa cheche na kulitoa vipande vipande. Hata bomba la kujazia, lile la nje, wameling'oa, lisije lori siku moja likatumwagia mafuta kitandani.

Sakafu nimeisugua mpaka mikono imegoma. Harufu bado naisikia, ila sijui iko chumbani au imebaki puani mwangu. Njoo na udi, na uje na pua yako, ambayo haijawahi kunisamehe kitu.

Nisalimie mama, na shangazi yako mpika vitumbua, na Zuhura umwambie maharage yapo huku pia. Hamadi mpe salamu za peke yake. Mwambie lile kovu analolificha kwa kofia limefika Texas kabla ya dada yake, likamtunzia mume.

Ni mimi mumeo, hoi, lakini nyusi zote mbili zipo,

Baba Zuhura