Kundi Nililifunga, Marehemu Bado Anatuma

Shangazi Luciana, shikamoo. Naomba unisaidie, maana kila siku saa kumi na mbili kasoro asubuhi simu yangu inalia na anayetuma ni mtu tuliyemzika, au niseme waliyemzika, kwa sababu mimi sikwenda, na hapo ndipo shida yangu ilipoanzia.

Mimi ni baba wa watoto wawili, naishi Turwa hapa Tarime na kazi yangu iko Sirari, kwa mawakala wa forodha. Miaka minne iliyopita nilianzisha kundi la WhatsApp la watu wanaopenda ndege, mimi na mzee mmoja wa Kisaka kule Serengeti, Mzee Werema, mkulima na mfugaji, mtu aliyemjua kila ndege kwa sauti bila hata kuinua kichwa. Utaratibu wetu ulikuwa mmoja tu, atakayeamka mapema anarekodi ndege anayemsikia kwake, anatuma, na wengine tunataja ni ndege gani. Tulifika watu arobaini na watatu, madereva wa malori, walimu, muuguzi, wachimbaji waliokuja huku kutafuta dhahabu, na wengine wa Isebania, upande wa Kenya, na karibu kila siku aliyetangulia alikuwa Mzee Werema, na rekodi zake zote ziliisha namna moja, anakohoa kidogo halafu anasema, "Haya, semeni."

Basi mwaka jana kwenye kampeni mtu akatupia video ya mkutano wa chama chake, mwingine akamjibu kwa kejeli, na mimi mwenye kundi badala ya kuifuta nikaingia na mimi, na sitakudanganya Shangazi, nilinogewa. Nikawa naamka alfajiri natoka uani nisiamshe watoto, nasimama chini ya mparachichi natuma sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, nafoka peke yangu. Ndege tukawasahau. Jioni moja mzee akaandika, "Vijana, hapa ni kwa ndege. Ya vyama tuyaache barabarani." Watu wakaanza kusema ametumwa, na mimi nikalala na hasira, na asubuhi yake nikarekodi sauti nikamwambia, "Wazee kama wewe ndio mmetufikisha hapa, mkishakufa nchi itapumua." Mokami wa Isebania akaandika, "Joram, wacha hiyo maneno, huyo ni mzee na hii ni group ya ndege." Nikamtoa. Matusi yakazidi, nikaona bora nifunge, nikaweka kwamba asiyekuwa msimamizi haandiki kitu, nikasema watu wakipoa nitafungua. Sikufungua. Mzee naye hakunijibu neno.

Mwezi wa tano akafariki. Walinipigia simu nikasema nina mzigo umekwama mpakani. Hakukuwa na mzigo wowote, niliona aibu.

Sasa katikati ya mwezi wa sita, kundi limefungwa, ikaingia rekodi ya dudumizi. Namba ni ya mzee. Dudumizi analia, kisha kikohozi, kisha "Haya, semeni." Nilikaa chini palepale. Kesho yake kware. Kesho yake hondohondo. Na nyuma ya ndege mvua inanyesha, Shangazi, mvua kubwa juu ya bati, wakati huku kwetu ni kiangazi na vumbi mpaka kwenye meno. Naona watu wote waliobaki wamefungua na kusikiliza, hakuna mwenye uwezo wa kusema kitu, na mimi mwenye uwezo vidole vinakataa.

Jumatatu iliyopita ndiyo imenimaliza. Geti langu lina bawaba inayolia vibaya, naijua kama ninavyojua sauti ya mke wangu. Nimeisikia ndani ya rekodi ya marehemu. Kisha jogoo akawika karibu kabisa na simu, na mimi sifugi kuku, wala jirani hafugi. Kisha nikasikia mtu anafoka kwa mbali, "mkishakufa nchi itapumua," na mtu huyo ni mimi. Nimejaribu mara tano, nikifika hapo nazima.

Mke wangu Agness anasema nimtoe marehemu kwenye kundi au nilifute lote nibadilishe na namba. Mimi naogopa nikimtoa atakuja kwa njia nyingine. Nimekutumia hiyo rekodi na namba ya mzee. Nifanye nini? Silali.

Joram, Turwa

*

Marahaba, Joram. Pole kwa kukosa usingizi, ingawa usingizi huo ungeukosa mwaka jana tungekuwa mbali.

Tuanze na la aibu. Unaogopa simu kwa wiki nne na hujafikiria kuipiga. Marehemu hanunui bando, baba. Mimi nilipiga namba hiyo, ikaita mara mbili, akapokea mama anayeitwa Bhoke, mjane wa Mzee Werema. Unauliza anaandikaje kundi likiwa limefungwa? Wewe mwenyewe ulimfanya mumewe msimamizi mlipoanza, ukasahau. Mlibaki wawili tu wenye ruhusa ya kusema, na mmoja akafa.

Mama Bhoke hajui kusoma. Mzee alipozidiwa alimwonyesha rekodi zote alizozihifadhi, zikiwemo za masika na vuli, ndiyo maana unasikia mvua, akamwambia, "Kila asubuhi tuma moja, watu watajibu." Matanga yalipokwisha akaanza. Anabonyeza tu, hazisikilizi, anasema sauti ya mumewe bado inamshinda.

Nilimuuliza kuhusu jogoo. Akacheka kidogo. Anasema mwaka jana mzee aliondoka nyumbani na jogoo kwapani, anakwenda kumwona kijana wake wa Tarime kwa sababu mambo ya kwenye simu hayaishi kwenye simu. Akalala kwa ndugu yake hapo mjini, akadamka kwenda kwa huyo kijana. Kesho yake akarudi Kisaka na jogoo wake. Mkewe akamuuliza vipi, akasema, "Hawakuwepo."

Hakukusema, Joram. Mpaka anakufa.

Sasa rekodi yako. Unaizima unapojisikia wewe, na hilo limekuwa tatizo lako tangu kampeni kwa namna nyingine: ukishaanza kufoka husikii kinachofuata. Mimi niliisikiliza mpaka mwisho, mchana, ofisini, mlango wazi. Ukimaliza kufoka panakuwa kimya. Jogoo anatapatapa, mtu anamtuliza. Geti lako linalia tena, polepole, anayelifunga hataki lisikike. Kisha ndege anaimba kwenye mparachichi wako, vizuri tu, kwa kituo. Mzee anakohoa. Anasema, "Huyu ni wa kwa Joram. Haya, semeni."

Kwa hiyo hakuna mzimu. Afadhali angekuwepo, ungemlaumu yeye. Aliyekuja getini kwako alikuwa mzee mzima mwenye kikohozi, amebeba zawadi, na ulimfukuza bila kumwona. Sina maneno ya kukupunguzia hilo na sitayatafuta.

Usimtoe mtu. Usifute kitu. Leo hii fungua kundi, mrudishe Mokami na umwombe radhi mbele ya wote, kwa sauti ileile uliyotukania. Siasa watu waipeleke wanakopigia kura. Anayeleta video ya mkutano, ifute kabla hujaitazama, maana wewe ukitazama unanogewa.

Jumamosi nenda Kisaka, wewe na Agness. Mazishi umeyakosa, kwenda kuhani msiba hujachelewa. Usijifiche nyuma ya mzigo wa mpakani. Mwambie Mama Bhoke, kwa mdomo wako, kwamba wewe ndiye kijana wa Tarime, na kwamba ulikuwepo. Mwambie ulichosema, kabla hajapata moyo wa kusikiliza rekodi hiyo na kukikuta humo peke yake. Akikulilia, kaa. Akikufukuza, ondoka kwa heshima na urudi wiki nyingine.

Lakini kabla ya safari ya Kisaka kuna kesho asubuhi. Sauti ikiingia, usitume pole wala maua, usitume maelezo. Taja ndege. Kama humjui, sema kwa sauti kwamba humjui, mama atakusikia.

Kwa sababu kabla hatujakata simu aliniuliza jambo. Alisema, "Mwanangu, ninatuma kila siku na hakuna anayesema. Hao watu wa kwenye simu wapo, au na wao walikufa?"

Nimemwambia nitakuuliza.