Siku Moja Kabla ya Meli

Nkuhungu, Dodoma
23 Juni

Mdogo wangu Obedi,

Marahaba, kwa kuwa najua ungeanza na shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Kibakwe, wewe, wifi yangu Edina na watoto, na kwamba kikohozi cha mama kimepungua ingawa baridi imeshika. Mwambie ile dawa ya maji ainywe mpaka iishe, asiiweke akiba ya mwakani kama alivyofanya na ile nyingine. Mimi ni mzima. Presha imeshuka. Bunge liko kwenye bajeti, kwa hiyo nalala saa chache na chakula changu kikubwa ni chapati ya kantini.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu unayo. Maneno ya simu yanakuja kukanushwa, na haya nataka yabaki yalivyo, na tarehe yake juu. Nitayapanga kama yalivyotokea.

Unajua habari ya safari. Gazeti lilinipa nafasi ya siku saba kwenye meli ya watalii, zawadi ya miaka ishirini na minane ya kazi. Meli ilikuwa iondoke Dar es Salaam Jumamosi ya tarehe 7, saa kumi jioni, na lango la abiria lifungwe saa nane mchana. Mipango yangu ilikuwa kupanda treni ya alfajiri ya Jumamosi hiyohiyo. Kabla ya saa tano ningekuwa Dar, bandarini saa sita, na Ijumaa yote ningemalizia habari za kamati na kulala kitandani kwangu. Mwantum, jirani yangu wa Kondoa unayemjua kwa kucheka kwake, alisema hata nikichelewa si neno, maana mtu wa Bahi maji aliyozoea ni ya majaruba, nikifika katikati ya bahari nitaanza kuulizia mpunga umepandwa upande gani.

Aliyepinga wa kwanza alikuwa mwanangu Violeth. Jumatatu jioni aliniambia meli si basi, haina kondakta wa kumwomba akusubiri. Nikamjibu treni haijawahi kuniangusha. Akanikumbusha kwamba mimi ndiye niliyemlea nikimwambia mwandishi anayefika siku ya tukio amekwisha kuchelewa, na kwamba katika kampeni nne sijawahi kulala nje ya mji ambao mgombea angehutubia kesho yake. Ni kweli.

Jumanne ulinipigia wewe. Ulisema Da Paska, usiniletee aibu ya kusimuliwa Kibakwe nzima kwamba dada yangu aliiona meli mgongo. Tulicheka. Ukasema nikalale Dar Ijumaa nipumzike, nioge, niamke mtu. Ukaongeza kwamba ungetamani uje unisindikize stesheni, ila Ijumaa hiyo ungekuwa shambani, maharage yameiva na vibarua umeshawaita. Nililiandika hilo kwenye daftari langu, kama ninavyoandika mambo mengi, bila sababu.

Jumatano Violeth akaniletea tiketi ya Ijumaa asubuhi, ameshaikata. Aliponipangia begi Alhamisi nilikagua pasi ya kusafiria na karatasi ya meli. Sikukagua zaidi. Mhariri alinung'unika kidogo kwa kuondoka katikati ya bajeti, na siku hiyo moja zaidi ilimuuma kuliko zile saba. Nikaenda. Ninyi wawili mlikuwa na hoja nzuri, na hoja nzuri hainipi shida kuikubali.

Treni ilifika kwa wakati. Nilichukua chumba kwenye nyumba ya wageni Kurasini, nikaoga, nikala samaki. Saa tisa na nusu alasiri nilimwaga begi kitandani ili nipange upya, nikaona kadi ya chanjo ya homa ya manjano haimo. Ilikuwa imebaki kwenye droo ya kabati la vyombo, hapa nyumbani. Kosa ni langu. Bila kadi hupandi, nakala ya picha haipokelewi, na ukichanjwa upya kadi inaanza kuhesabika baada ya siku kumi. Lakini muda ulikuwepo. Mtu angeichukua na kuniletea kwa treni ya jioni. Nikampigia Mwantum, ambaye ana ufunguo wangu wa mlango wa nyuma.

Baada ya dakika kumi alinipigia yeye, anaongea kwa sauti ya chini kama mtu aliye msibani. Aliniuliza shoga, mimi na wewe tumegombana lini, hata barua ya mtoto inapokelewa sisikii? Nikamuuliza barua gani. Akasema jikoni kwangu kuna sufuria mbili za pilau, mbele ya nyumba kuna magari matatu, na sebuleni wamejaa watu waliovaa. Washenga wa Brighton, mchumba wa Violeth, walikuwa wameleta barua ya posa.

Unajua tulivyokubaliana. Barua ilikuwa ije tarehe 21, nikiwa nimerudi. Brighton mwenyewe aliniambia hivyo, na ni kijana ninayempenda.

Nilimwambia Mwantum asiguse droo. Kama angetoka na kadi mkononi, wote wangejua kwamba mimi najua. Nilimwambia arudi, aseme chochote, aketi, anywe soda, anisikilizie nani yupo na nani anasema nini. Akaniuliza, na meli je? Nikamwambia arudi ndani. Namtaja jina kwa ruhusa yake. Alisema nikuambie ni yeye, na kama una neno umfuate barazani kwake, atakupa kigoda na chai kwanza.

Alirudi kwa mlango wa jikoni. Violeth alimwona akashtuka, na Mwantum akamwambia mwali, harufu ya pilau imenivutia kutoka kwangu, ningefanyaje? Mtoto akamshika mikono, akamwomba asiniambie, wataniambia wenyewe nikirudi. Mwantum akamjibu kwamba mtu akiwa baharini utamwambia nini. Akakaa na kina mama kwenye korido, nyuma ya pazia, ambako wa sebuleni hawamwoni mtu ila yeye anawaona. Alikaa karibu saa nzima.

Hiki ndicho alichoniletea. Kwenye kochi langu refu, mahali pa mzazi, alikaa Thomas.

Kwa watoto wako, ambao huenda siku moja wakaisoma barua hii, niseme Thomas ni nani. Ni mwanamume aliyenipa mimba ya Violeth miaka ishirini na minane iliyopita, nikiwa mwandishi mpya. Wazee walipomwita Bahi aeleze nia yake, alisimama mbele ya baba yetu akasema mwanamke wa magazeti ana marafiki wengi, atafute mwingine wa kumbebesha. Wewe ulikuwa na miaka kumi na saba, na ulishikwa na watu wawili ili usimpige. Hajawahi kulipa ada ya shule, wala kuja hospitali, wala kutuma salamu ya Krismasi. Sasa ni mkubwa katika ofisi moja ya serikali hapa mjini, na mwaka jana alimtafuta Violeth. Hilo nalijua, Violeth aliniambia, na sikumkataza kumwona. Nilikataa jambo moja tu: asikae kwenye kiti cha mzazi siku ya barua. Nilikuambia wewe hilo kwa mdomo wangu, Pasaka, tukiwa tumekaa na mama. Ukasema dada, hapo uko sawa.

Barua ya posa iliandikwa kwa jina la Thomas. Ilisomwa. Mshenga, mtu mzima mwenye adabu kwa maelezo ya Mwantum, aliuliza mama wa binti yuko wapi. Akaambiwa amesafiri. Akauliza tena, kama inavyompasa, basi neno la upande wa mama analisema nani? Kwetu hilo halina njia ya mkato. Bila mjomba barua haifunguliwi, awe baba yupo au hayupo. Kwa hiyo alikuwepo mtu kwenye kiti cha mjomba. Mtu huyo alisimama akasema: Dada yangu amenituma. Yote nitakayoyakubali hapa ameyakubali yeye.

Ijumaa jioni sikumuuliza Mwantum jina. Nilimuuliza tu alivaa nini. Akasema koti la kijivu, limebana mabegani.

Koti hilo nilikununulia mimi, Obedi, siku ulipobarikiwa kuwa mzee wa kanisa.

Nimeandika hadi hapa kana kwamba hukuwepo, kwa kuwa wewe mwenyewe umeniambia hukuwepo. Nilirudi Dodoma Jumapili ya tarehe 15, nikakaa kimya. Nilitaka kuona nani atanieleza bila kuulizwa. Violeth aliweza siku mbili. Jumanne usiku aliacha vyombo kwenye beseni, akakaa sakafuni, akasema yote, kwamba ni yeye aliyewaomba watu wa Brighton waisogeze siku, na kabla ya tarehe 21 mshenga alikuwa na nafasi Ijumaa ile tu. Alisema alitaka angalau karatasi moja duniani yenye jina la baba yake, na kwamba alijua nisingekubali, na kwamba kila alipojaribu kuniambia aliona uso wangu wa kazini. Nimemwelewa kuliko ninavyopenda. Nilipomuuliza nani alikaa kiti cha mjomba, alisema mzee mmoja wa kanisa alikushikia nafasi. Alikuwa anakulinda.

Jumatano ukanipigia wewe. Ukasema umesikia habari za posa kwa watu, umeshangaa, umeumia kwa niaba yangu, na kwamba siku ile ulikuwa shambani mpaka jua linazama, maharage magunia tisa. Nilikuuliza mara mbili. Mara ya pili ulitaja hata majina ya vibarua.

Thomas sikumtegemea, kwa hiyo hajanipunguzia kitu. Violeth ni mtoto na alikuwa na njaa ya miaka yote hiyo. Wewe ulikuwa unajua kila kitu. Ulijua alichosema Bahi, ulijua nilichokataa, na ulijua mimi nikiambiwa nifike mapema nitafika mapema. Ungeweza kuniambia uso kwa uso kwamba unataka Thomas atambuliwe. Tungegombana, labda ungeshinda. Sijui kama ulipewa kitu au uliona tu ndiyo heri ya mtoto, na siulizi. Ninachokuandikia ni ile kauli. Sikukutuma. Kwa miaka ishirini na minane sijamtia mtu maneno ambayo hakuyasema, hata watu niliowadharau. Wewe umenitia mimi, nyumbani kwangu.

Na mimi nina la kukiri. Sikupanda meli. Kadi ilibaki kwenye droo. Jumamosi saa kumi nilikuwa kwenye kivuko cha Kigamboni, nikaiona ikitoka, nyeupe, madirisha mengi. Siku saba nilikaa Kurasini nikisoma magazeti ya wenzangu. Ule ujumbe niliowatumia wewe na Violeth, kwamba mawimbi ni madogo na chakula ni kingi, ulikuwa uongo, na ile sauti ya injini uliyoisikia kwenye simu ilikuwa jenereta ya nyumba ya wageni. Mhariri nimemwambia nilisahau kadi, akacheka sana. Mliniuliza kila siku kama nimelala vizuri, nami nilijibu kila siku. Tulidanganyana kwa usawa wiki ile, ila mimi nilianza nikiwa wa pili.

Sasa shughuli iliyobaki. Washenga watarudi Jumamosi ya tarehe 5 Julai kuzungumza mahari. Nimemwambia Violeth siku isisogezwe, na kwamba sitavunja kitu. Brighton hana kosa, na mtoto wangu ataolewa. Thomas akija atapata mahali pa kukaa pamoja na wageni wengine. Kwenye kochi lile nitakaa mimi. Kiti cha mjomba ni chako, maana sina kaka mwingine wala sitaazima. Mshenga atauliza tena neno la upande wa mama linasemwa na nani, na kwa ruhusa ya nani. Nitakuwa nimekaa mbele yako, umbali wa meza moja. Sitakusaidia kujibu.

Barua hii naituma kwa basi la kesho. Usimsomee mama. Mwambie tu namsalimu, na kwamba nguo zake za baridi nitazileta mwenyewe mwezi ujao. Edina mwambie namkumbuka, najua yeye hakuhusika, maana angehusika pilau aliyoionja Mwantum isingepikwa bila iliki. Wabusu watoto. Mungu awalinde nyote hapo nyumbani.

Ni mimi dada yako wa tumbo moja,

Paskazia