Picha Uliyoirudisha Kwenye Faili

Mpendwa Shosho, nyanya yangu,

Nakuandikia nikiwa mezani pako hapa mtaani Free Area, sanduku limeshafungwa. Kesho kutwa napanda ndege kumfuata Kamau. Uliondoka kabla sijakusimulia siku ile ya ubalozi, na najua ulivyochukia kupitwa na habari, kwa hivyo tulia nikueleze.

Unakumbuka tulivyojiandaa. Miaka mitatu tangu harusi, mume wangu Marekani, mimi hapa kwako, halafu dakika chache mbele ya afisa ndizo zingeamua kama tutaishi pamoja au la. Kila jioni Kamau alipiga simu kunifanyisha mazoezi. Anafanya kazi zamu gani? Mamake anaitwa nani? Chai anaweka sukari ngapi? Nami najibu mbio mbio, nawe unakata sukuma wiki kando yangu, mpaka siku moja ukashindwa kuvumilia.

"Kwani Kamau ni mtihani wa darasa la nane? Si ni bwana yetu tu!"

Bwana yetu. Hukuwahi kumwita vingine, naye alikuita bibi mkubwa, kana kwamba mimi ni mke wa pili. Utani wenu ulinichosha, nami leo naulilia.

Nilipopanga picha kwenye faili niliitoa moja, ile ya ruracio kule shambani Keringet, siku familia ya Kamau ilipokuja rasmi kuniomba. Kama ilivyo desturi yetu, tulipangwa mstari wanawake sita, tumefunikwa leso gubigubi, Kamau akaambiwa amtafute wake. Akapita akijiamini kweli kweli, akashika mkono, akafunua. Ulikuwa wewe, na miaka yako sabini na kitu.

"Nimechaguliwa!" ukapiga kelele. "Hawa wengine warudi kwao!"

Faini yake ikawa kukuvunia viazi, na alivuna mpaka viganja vikatoka malengelenge. Picha yenyewe inamwonyesha mume wangu amemshika mkono bibi harusi asiye mimi, nikaogopa maswali. Nikaiweka kwenye droo bila kukwambia.

Kisha ukalazwa. Nikasema naahirisha mahojiano. Ukanitazama kutoka pale kitandani.

"Ahirisha uone. Nitapona nije nikuchape."

Hukupona, Shosho. Ulituacha Jumapili, na mahojiano yalikuwa Jumatano. Sikutaka kwenda. Shangazi Njeri, binti yako, ndiye aliyenitoa nyumbani alfajiri ile, akisema umemwapisha na yeye hachezi na kiapo cha mamake.

Afisa alikuwa kijana mpole, yuko nyuma ya kioo, macho kwenye makaratasi. Akaniuliza Kamau anafanya kazi zamu gani. Nikasema sijui. Na ninajua! Yote niliyokariri yalikuwa yamenitoka. Akafungua picha moja moja, halafu akasita. Akainua moja nikaiona.

"Huyu si wewe."

Ilikuwa ile ya ruracio. Ni wewe tu ungeweza kuifukua kwenye droo na kuirudisha, na nisamehe, kwa dakika moja nilikukasirikia ukiwa mochari. Niliona miaka mitatu ikienda na maji. Lakini ningesema nini zaidi ya ukweli? Nikamweleza leso, nikamweleza kelele zako, nikamweleza viazi. Kicheko kikanishika, kisha kikageuka kilio hapo hapo dirishani, watu nyuma yangu wakitazama.

"Alivuna siku ngapi?" akauliza.

"Mbili. Yeye husema nne, ni muongo."

Akatabasamu. "Na shosho yuko wapi sasa?"

"Tunamzika Ijumaa."

Akasema pole. Akaniuliza mambo mengine mawili matatu, na safari hii nilijibu kama mtu anayesimulia nyumbani kwake. Kisha akaniambia visa yangu imekubaliwa.

Kamau alifika Alhamisi jioni. Alilia kuwazidi wanao wote, na Shangazi Njeri akamwambia mjane ajikaze. Ungefurahi.

Nashukuru kwa mengi, Shosho, lakini kuna moja sikuwa nimelielewa. Katika yale mazoezi yetu niliwahi kukuuliza utakaaje peke yako nikipita. Ukanijibu, "Nitapumzika, niepukane na kelele zako." Nilicheka, nikaamini. Sasa Kamau amesharudi kazini, nami nimelala humu peke yangu wiki tano. Nimesikia saa ya ukutani, nimesikia friji, nimejipikia ugali nikaula nusu. Ndipo nikajua ulikuwa unakubali kuishi na nini.

Ungeniambia "kaa", neno moja tu, ningekaa. Hukulisema. Asante.

Pumzika salama, bibi mkubwa.

Mjukuu wako uliyemlea,
Wambui