Baba, Usukani Ulikataa Kweli

Mpendwa Baba,

Kwanza nisamehe kwa kuchelewa. Najua kila Ijumaa ukitoka msikitini humuuliza Athman kama nimeleta salamu, naye hukwambia dada yake ana mtoto mchanga, hana nafasi. Ni kweli Nassir hanipi nafasi. Meno yanamtoka, na hata sasa naandika yuko mapajani, mkono mmoja ameushika ukosi wa dera langu haachi. Lakini si yeye aliyenizuia. Kuna jambo nimelijua tangu wiki tano zilizopita nikaogopa kukwambia. Kwa simu nilijaribu mara mbili, nikaishia kukuuliza umekula nini. Ningelianza ungenikatiza, useme yamekwisha mwanangu, na mimi ningefurahi yaishe. Basi nimeandika, ili usome mpaka mwisho.

Jambo lenyewe ni la pikapu, na siku ile ya mtaro.

Unakumbuka ulivyonifundisha kuendesha? Simsim ilikuwa imeshavunwa, shamba jeupe. Marehemu Mama amesimama mlangoni anasoma dua kwa sauti, makusudi niisikie. Wiki nzima hukunikalisha kwenye usukani. Ulinifungulia boneti. Ukasema gari ijulikane kwa sikio kwanza, halafu kwa mkono, spana iwe ya mwisho. Ukanionyesha ule mkanda mwembamba ulio peke yake pembeni, ukasema huu ndio unaozungusha pampu, na pampu ndiyo inayosukuma oili inayousaidia mkono wa dereva. Mkanda ukilegea, ukasema, utabaki na mikono yako na Mola wako. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, akili yangu iko kwenye harusi. Nilidhani sisikii. Kumbe nilisikia yote.

Nilipojifungua Nassir, mkanda ule ndio ulikuwa umeanza kupiga kelele. Kila asubuhi ukiwasha, unalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Uliubonyeza, ukasema umelika. Ukaukaza mpaka bolti ikafika mwisho wa nafasi yake, ukasema ukienda Mombasa utaleta mwingine. Mimi nilikuwa ndani ya arubaini, mtoto haoni usingizi mpaka jua linachomoza, na akishalala tu, wewe unawasha. Baba, nilikuwa nimechoka mpaka nasahau kama nimeswali.

Sasa soma hapa polepole. Alasiri moja umekwenda msikitini, nilichukua kopo la sifa la mume wangu Shee, yale mafuta ya papa anayopaka mashua yake kabla ya kurudi Kiwayu. Wewe unajua kwetu Pate kila kinacholalamika hupakwa sifa: mlango, bawaba, gurudumu la mkokoteni. Mimi nilikuwa na miaka tisa tulipopanda boti pale Mtangawanda kuja huku bara, na hayo ndiyo mambo ya ufundi niliyokuja nayo. Nikafungua boneti, nikachovya kitambaa, nikaupaka ule mkanda ndani na nje, nikafunga.

Asubuhi yake uliwasha, kimya. Ulitoka umefurahi, ukaipigapiga boneti, ukasema bibi huyu leo amelala vizuri. Kisha ukanusa. Ukauliza ni nani aliyekupakilia papa bila kukwambia. Nilicheka mpaka mshono ukaniuma, na sikusema. Nilijiona fundi. Nassir alilala siku nne mfululizo mpaka saa tatu.

Siku ya tano ndiyo ile. Ulimpeleka Salma shule ya chekechea na magunia mawili nyuma. Kwenye kona ya kwa Bi Mwanapili, jirani yetu, pikapu haikukata. Ilikwenda moja kwa moja, ikapita ua wake wa makuti, gurudumu la mbele likashuka mtaroni. Salma akapiga mdomo kwenye dashibodi, mdomo ukapasuka na jino la mbele likatoka. Nilisikia mlio nikaja mbio na miguu mitupu. Nilikukuta umembeba, kanzu imelowa damu, unasema vilevile tena na tena:

"Si mimi, mwanangu. Usukani umekataa."

Salma naye, mdomo umevimba, akasema Babu alizungusha, gari haikutaka. Nikamwambia anyamaze. Kisha nikanyosha mkono mbele ya Bi Mwanapili na mbele ya walimu waliotoka shuleni kuja kutazama.

"Lete ufunguo, Baba. Mikono yako imechoka. Utaniulia mtoto."

Uliutoa mfukoni. Una damu. Uliupangusa kwanza kwa ncha ya kanzu, ndipo ukanipa.

Athman nilipomweleza kwa simu, alisema amekuwa akiogopa siku hiyo muda mrefu, mzee hawezi tena, aje akae Mombasa apumzike. Alikuja kukuchukua kabla wiki haijaisha. Pale Mokowe, kwenye basi, sikuweza kukutazama. Wewe ndiye uliyeteremsha kioo ukaniita. Nilidhani utanilaumu.

"Ukiiwasha, isikize kwanza. Gari haisemi urongo."

Hayo tu. Basi likaondoka.

Pikapu ilikaa chini ya mkorosho mpaka ikafanya vumbi. Wiki tano zilizopita Nassir alikuwa na siku ya chanjo Mokowe, na mahindi yalikuwa yanangoja kupelekwa gatini, na Shee yuko Kiwayu harudi mpaka mwisho wa mwezi. Nikamfunga mtoto mgongoni kwa jirani yetu Zainabu, akapanda kiti cha nyuma, tukaenda. Sikusikiza chochote, nilikuwa na haraka. Nilikwenda polepole kama kobe. Kwenye kona ileile ya Bi Mwanapili nikazungusha, na usukani ukakataa.

Nilivuta kwa mikono miwili, mikono hii inayokuna nazi na kuteka maji kila siku. Ukageuka robo, ukaganda, kisha ukaniachia ghafla kama kuna mtu aliyeushikilia upande wa pili akachoka. Nilikanyaga breki, tukasimama hatua tatu kutoka mtaroni. Bi Mwanapili alitoka nje. Aliangalia ua wake.

Nina miaka ishirini na sita, Baba. Nilikaa pale nimeushika usukani, na sauti yako ya siku ile ikaniingia upya, si mimi mwanangu, si mimi, mpaka Zainabu akateremka kuniuliza kama naumwa.

Tulirudi nyumbani kinyumenyume, kwa kunyooka bila kukata kona, tukaenda chanjo kwa bodaboda. Kisha nikafanya ulivyonifundisha. Niliwasha, nikauzungusha usukani mpaka mwisho, nikasikiza. Mkanda haukulia. Kulikuwa na msuguano mdogo tu, kama mtu anaburuta mkeka sakafuni. Nikatazama oili ya usukani: imejaa, nyekundu, safi. Nikatandika katoni chini ya pikapu, na kesho yake ikawa kavu, hakuna tone. Basi oili haikuwa na kosa. Nikahakikisha injini imezima, nikaubonyeza mkanda kwa dole gumba. Uliniambia uzame kidogo, usipite unene wa kidole. Ulizama vidole viwili na ukataka kuendelea. Niliugeuza nikaona upande wa ndani umepasukapasuka kama tope lililokauka, ubavu unang'aa kama sahani, nyuzi zimetoka pembeni. Bolti ya kukazia iko mwisho, hakuna pa kuvuta tena. Na kidole changu kilitoka cheusi. Nikakinusa.

Papa.

Mkanda ulikuwa umelegea na kulika, hilo ni uzee wake. Lakini bado ulikuwa unashika, na kelele ile ndiyo ilikuwa inatuambia tuubadilishe. Mimi niliunyamazisha, na mafuta yakaufanya uteleze juu ya puli, kile kigurudumu cha pampu unachokizungusha, pampu ikawa inazunguka ikipenda. Ulikuwa unaendesha pikapu isiyokuwa na msaada, na hukujua, kwa sababu yangu.

Nilitamani niwe nimekosea. Nikamwita fundi wa pale mjini Hindi, yule kijana wa bara mwenye pikipiki, Njoroge. Aliinama dakika moja tu akainuka ameshika pua, akaniuliza hii belti ilipakwa nini, mbona inanuka kama soko la samaki. Nilimwambia yote. Alicheka, kisha akaniona uso wangu akaacha. Akapanda, akajaribu kukata kona pale uwanjani, akarudi jasho linamtoka.

"Mama, mzee mwachie. Hapa hata mimi ningeingia mtaro, na mimi nabeba injini na mikono."

Basi ndivyo ilivyo. Ulisema kweli, na watu wote tulikuona mwongo au mkongwe, na mimi wa kwanza.

Nilimwambia Salma kabla ya mtu mwingine yeyote. Alinitazama akasema, si nilikwambia? Akaendelea kuchora. Kisha nilimbeba Nassir nikaenda kwa Bi Mwanapili, na shuleni kwa wale walimu, kwa kuwa mbele yao ndipo nilipokunyang'anya, nikawaeleza kosa lilivyokuwa na ni la nani. Walimu walisema alhamdulillahi. Bi Mwanapili alisema kama mikono ya mzee ni mizima hivyo, basi arudi amsukie ua wake, amechoka kuona mbuzi wa watu jikoni kwake. Athman sijamwambia. Nimekuachia wewe. Anayekuletea barua hii amekuletea na mkanda wenyewe, nimeufunga kwenye gazeti. Muonyeshe, aunuse mwenyewe.

Nakuomba radhi, Baba. Kwa kopo la sifa naomba radhi mara moja, kwa kuwa sikujua. Kwa ule ufunguo naomba kila nikiinuka kwenye mswala. Nilikuwa mama aliyeona damu ya mtoto wake, lakini wewe pia ulikuwa na damu ile kifuani, na sikukuuliza hata kama umeumia. Umeumia wapi siku ile? Hukusema. Zainabu anasema alikuona unachechemea.

Nyumba haina sauti bila wewe. Asubuhi nikikoroga uji wa Salma natoa bakuli tatu, narudisha moja. Nassir ameanza kukaa, na akisikia gari inapita ndiani huinua kichwa. Kama ni wewe anayekungoja, sijui, hajakujua sana. Mimi najua.

Lakini na mimi nina neno nawe, na nalisema kwa adabu. Ulijua mkanda umelika na ukaendelea kumpakia Salma mbele, hana mkanda wa kiti, hana chochote. Hilo nakulaumu. Na ulijua hukukosa, ukautoa ufunguo kimya, ukapanda basi. Ungepiga kelele, Baba. Ungesema fungueni boneti mtazame. Nimekaa nikifikiri ni kwa nini hukusema, na naogopa ulianza kutuamini. Usituamini. Mikono yako mimi ninaijua.

Sasa yatakuwa hivi. Salma atakaa kiti cha nyuma, amefungwa, hata akilia. Gari ikipiga kelele haitoki mpaka ijulikane inasema nini, hata kama boti inangoja Mokowe. Macho yako yatapimwa kila mwaka, na nitakwenda nawe mwenyewe. Ukikubali hayo, ufunguo ni wako. Nakurudishia kwa kuwa ulisema kweli. Huruma haimo.

Njoroge amesafisha puli kwa maji ya sabuni, harufu imepungua. Pikapu inatembea bila mkanda ule, ila usukani ni mzito kama wa jiwe, sithubutu kutoka nayo. Mkanda wa saizi ile Hindi haupo, Mpeketoni haupo. Kwa hiyo ninavyohitaji ni hivi: mkanda mpya, upimwe na huu wa zamani dukani, urefu uleule na upana uleule, usikubali wakikwambia huu mkubwa kidogo utakazwa. Bolti ya kukazia na nati yake, kwa kuwa ya sasa meno yameisha. Chupa moja ya oili ya usukani, nyekundu. Dawa ya kupaka ufizi wa mtoto. Vitu hivi usimpe dereva wa basi, njoo navyo mwenyewe, Jumatano, nitakuwa Mokowe tangu adhuhuri. Na leseni yako, ambayo Athman ameifungia kabatini. Mwambie akupe. Akisita, nipigie simu hapohapo nizungumze naye.

Binti yako,
Mama Salma
Kililana