Ugonjwa Ulivuka Ua

Njeri mjukuu wangu,

Nakusalimu kutoka hapa Njoro. Mvua imenyesha na mahindi yameota, ila nyumba ni kimya tangu tumzike mume wangu, guka yako.

Umeniuliza kwa nini nchi zinazogombana zionyane kuhusu wadukuzi wa kompyuta, na wakubwa wako huko kazini wanasema adui akishambuliwa ni shauri yake.

Nilipokuwa msichana, baba yangu na jirani yetu Mzee Rono waligombania maji ya mto mpaka wakaacha kusalimiana. Asubuhi moja ng'ombe wetu walianza kutokwa na mate na kuchechemea. Mama akamwambia baba, "Baba Wambui, tuma mtu amwambie Rono afungie ng'ombe wake."

"Atajionea mwenyewe," baba akajibu.

Ugonjwa ulivuka ua. Kwa Rono kulikuwa na mtoto mchanga aliyefiwa na mama yake, akilelewa kwa maziwa ya ng'ombe hao. Maziwa yalikauka. Sitakueleza mengi, mjukuu wangu. Tulienda kwenye mazishi yake.

Rono alimsogelea baba, akasema polepole, "Ungeniambia tu, ningewafungia."

Tangu siku hiyo, mnyama akiugua kwetu, baba alikuwa akienda mwenyewe hadi kwa Rono kumwambia, na Rono vivyo hivyo. Kesi ya maji haikuisha. Waligombana mpaka wakazeeka, na bado walionyana.

Mungu akulinde huko uliko.

Ni mimi shosho yako, Wambui.