Kanzu Yako ya Ijumaa

Malindi, Unguja Mjini

Baba yangu Mzee Haji,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, mguu umepungua kukuuma, na Mama kifua kimemwachia. Mimi mwili mzima hapa kwa shangazi. Uso ndio sina.

Ile kazi ya kushika funguo za bohari la karafuu sikuipata. Shangazi alinishauri niseme tajiri amempa jamaa yake, na wewe ungeamini, maana ndivyo mambo ya mji yalivyo. Lakini kukudanganya wewe nimeshindwa.

Unajua nilivyozungushwa. Kwanza niliambiwa nirudi Jumatatu. Jumatatu nikaambiwa karani mkuu yuko Pemba. Aliporudi akanihoji kidogo, akafurahi kusikia mimi ni mtoto wa mwadhini wa Makunduchi. "Huyu funguo zikiwa kwake ntalala usingizi," akasema, kisha akanitaka nisubiri tena. Nenda rudi, nenda rudi, hata mahamali wenzangu bandarini wakanipachika jina, Bwana Kesho.

Mwisho tukaitwa wengi, Ijumaa asubuhi. Tukakaa barazani mpaka jua likawa la utosi, hapana aliyeingizwa ndani. Adhana ikalia. Wenzangu wakainuka wote, mimi nikabaki. Nilijiambia, wakishaondoka hawa nafasi ni yangu. Na nikitajwa jina nisionekane, nimekosa. Karani mkuu akashuka ngazi na mwavuli wake, akanitazama, akapita kwenda msikitini. Hata hapo sikuinuka, Baba.

Aliporudi akaniita mimi wa mwanzo. Nikaingia kwa furaha, mjinga mimi.

"Adhana hukuisikia?"

"Nliisikia, sheikh."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nlichelea kuikosa kazi."

Akavua miwani. "Babako anaita watu huko shamba, na wewe mwanawe umekaa. Bohari ntakwachia vipi, nami nshageuza mgongo? Nenda, mwanangu."

Alisema polepole, wala hakunifokea. Afadhali angenifokea. Nimerudi kubeba magunia, na kila adhana ikilia nakusikia wewe.

Nisalimie Mama, umwambie asiendelee kuwatangazia majirani kuwa mwanawe atashika funguo. Msalimie Bibi, na mjomba aliyenisindikiza garini, na dada yangu aliyeifukiza udi kanzu yako usiku ule kabla sijaondoka. Yeye usimweleze habari hii mpaka nije mwenyewe.

Kanzu nampa dereva wa gari la shamba akuletee. Shangazi ameifua na kuipiga pasi, haina doa. Najua tangu nilipoichukua unakwenda msikitini na ile yenye kiraka begani, ili mimi nionekane mtu mbele za watu. Hii ndiyo niliyoivaa Ijumaa ile, Baba. Yenye kiraka ilikwenda kuswali. Hii nzuri ilikaa na mimi barazani.

Nisamehe, na uniombee dua.

Mwanao,
Makame